Avoir au être? Tafuta kwanza kinachotendwa

Msomaji mmoja, dada anayejifunza Kifaransa, ameniandikia hivi kuhusu passé composé, wakati uliopita wa Kifaransa unaoundwa kwa kisaidizi avoir (kuwa na) au être (kuwa): "Nimekariri orodha yote ya vitenzi vinavyochukua être, lakini nikianza kuandika passé composé nachanganyikiwa vilevile. Sijui lini niandike j'ai na lini niandike je suis. Sijui lini niongeze e au s mwishoni. Je, kuna njia ya kulielewa jambo hili, au ni kukariri tu mpaka basi?" Chini ya swali ameweka aya aliyoitunga mwenyewe:

Ce matin, je suis réveillé tôt. J'ai lavé et j'ai descendu à la cuisine. Je suis mangé. Après, je suis marché jusqu'à l'école et j'ai entré dans la classe. J'ai relu les notes que j'ai pris hier. Le soir, j'ai fatigué.

Dada, umefanya vizuri kuleta aya yenyewe, maana makosa yake yananionyesha ulipokwama kuliko swali lenyewe. Kukariri kupo, sitakudanganya, ila ni kidogo kuliko unavyodhani. Tatizo lako ni kwamba ukifika kwenye kitenzi unajiuliza, "Hiki kimo kwenye orodha?" Anza na swali jingine: katika sentensi hii, kuna kitu kinachotendwa? Namaanisha kile tulichofundishwa shuleni kwa jina la shamirisho kipozi, au yambwa tendwa, kutegemea kitabu ulichosomea. Swali hilo ndilo litakalokusaidia kuchagua kisaidizi, na ndilo hilohilo litakalokuambia kama neno la mwisho liongezwe e na s.

Muundo wenyewe unaujua, kwa hiyo sitakaa hapo. Ni kitenzi kisaidizi, avoir au être, katika wakati uliopo, kikifuatwa na partisipi, yaani umbo la kitenzi kikuu linalokaa baada ya kisaidizi: parler hutoa parlé, finir hutoa fini, vendre hutoa vendu. Zile zisizofuata utaratibu (eu, été, fait, pris, mis, dit, écrit, lu, vu, su, pu, dû, bu, reçu, ouvert na wenzake) hazina njia ya mkato. Zisome kwa sauti mpaka ulimi uzizoee. Kumbuka tu kwamba avoir na être zenyewe huchukua avoir: j'ai eu, j'ai été. Wengi huandika je suis été, na hilo ni kosa.

Sasa twende kwenye sentensi itakayomchekesha Mfaransa: je suis mangé. Être ikikutana na partisipi ya kitenzi kinachobeba kitu, matokeo ni kauli ya kutendwa. Kwa hiyo umemwambia msomaji wako kwamba unaliwa. Manger inabeba kitu hata pale usipokitaja, na vitenzi vya aina hiyo huenda na avoir: j'ai mangé, j'ai vu, j'ai acheté, j'ai relu les notes. Mradi mtenda hajitendi mwenyewe, ukiona kinachotendwa andika avoir bila kusita.

Kisipokuwepo kinachotendwa, bado avoir ndiyo yenye wengi: j'ai dormi, j'ai ri, j'ai travaillé. Être imechukua kikundi kidogo tu cha vitenzi visivyo na kinachotendwa: aller, venir, arriver, partir, entrer, sortir, monter, descendre, tomber, rester, retourner, passer, naître, mourir, décéder, na vile vilivyozaliwa humo kama revenir, devenir, rentrer, repartir, intervenir. Ukivitazama kwa makini, karibu vyote vinasema mtu alikuwa mahali fulani na sasa yuko kwingine, au hakuwepo na sasa yupo, au alikuwepo na sasa hayupo. Havijali alisafiri vipi. Marcher, courir, nager na voyager ni kinyume chake: vinaeleza namna ya kwenda, wala haviahidi kwamba ulifika. Ndiyo maana ni j'ai marché jusqu'à l'école, hata kama shuleni ulifika na ukaketi. Kwa upande mwingine, j'ai entré ya aya yako igeuke je suis entrée.

Vitabu vingi vya kufundishia huchora nyumba yenye mlango, ngazi na dirisha, na watu wadogo wakiingia, wakipanda na kuanguka, kila mmoja na kitenzi chake cha être. Ni mchoro mzuri, ila humfanya mwanafunzi aamini kwamba kila mwendo ni être, na hapo ndipo je suis marché inapozaliwa. Nao ufafanuzi wangu una mipaka yake. Rester haina mabadiliko yoyote lakini ni être: je suis restée. Grandir, vieillir, changer na disparaître ni mabadiliko matupu, lakini ni avoir: elle a grandi, il a disparu. Hivyo vichache kariri, hakuna ujanja. Prévenir usiidhanie ni mtoto wa venir katika jambo hili; inabeba kitu, kwa hiyo j'ai prévenu ma sœur. Quitter vivyo hivyo: j'ai quitté la maison, ingawa maana yake ni kuondoka.

Kuna sita ndani ya kikundi hicho zinazovaa nguo mbili, na hizi ndizo zinazoonyesha kwamba orodha peke yake haitoshi: monter, descendre, sortir, rentrer, retourner na passer. Hapa Kiswahili kinakupa msaada wa bure. Sisi tunatofautisha kushuka na kushusha, kutoka na kutoa, kupanda na kupandisha, kuingia na kuingiza. Tunabadilisha kitenzi chenyewe. Mfaransa huacha kitenzi kilivyo, akabadilisha kisaidizi:

Je suis descendue à la cuisine. Nilishuka jikoni.
J'ai descendu la valise. Nilishusha sanduku.
Je suis sortie à midi. Nilitoka saa sita mchana.
J'ai sorti les clés de mon sac. Nilitoa funguo mkobani.

Ukiweza kusema "-sha" au "-za" kwa Kiswahili, mara nyingi ni avoir. Nasema mara nyingi kwa sababu kuna j'ai descendu l'escalier, nilishuka ngazi. Ngazi hazikushushwa na mtu, lakini kwa Mfaransa l'escalier imekaa moja kwa moja baada ya kitenzi bila kihusishi, kwa hiyo inahesabiwa kuwa kinachotendwa. Ndivyo ilivyo pia kwa j'ai passé deux heures ici, ukilinganisha na je suis passée devant la banque. Na tukiwa hapo kwenye passer: j'ai passé un examen maana yake ulifanya mtihani. Kufaulu ni réussir. Nimeona watu wakipongezwa mapema kwa sababu ya sentensi hiyo.

Turudi kwenye mistari yako miwili ya mwanzo. J'ai lavé inamwacha msomaji akisubiri: umeosha nini? Kama ulijiosha, Kifaransa kinadai ujitaje: je me suis lavée. Vitenzi vyote vinavyotembea na se huchukua être, bila ubaguzi. Kwenye kujiosha au kujificha Kiswahili kinakukumbusha kwa -ji-, lakini kwenye kuamka, kuinuka, kuketi na kukumbuka hakina -ji- hiyo, ndiyo maana me ilikuponyoka. Je me suis réveillée, je me suis levée, je me suis assise, je me suis souvenue. Ulichoandika, je suis réveillé, si Kifaransa kibovu. Kinasema "niko macho". Nitakirudia jambo hili mbele kidogo.

Kuhusu herufi za mwisho, kwa vitenzi vya ile orodha ya être kazi ni nyepesi: partisipi hufuata mtenda kama sifa inavyofuata nomino. Wewe ni mwanamke, basi je suis descendue, je suis entrée. Kaka yako ataandika descendu, entré. Wanawake watupu ni elles sont arrivées. Wakichanganyika na mwanamume hata mmoja, arrivés. Vous ya heshima kwa mama mmoja ni vous êtes arrivée, bila s, kwa kuwa yeye ni mmoja hata kama kitenzi kiko kwenye wingi.

Kwa avoir watu ndiko wanakokata tamaa, wakati sisi wasemaji wa Kiswahili tungepaswa kustarehe. Tazama:

Nimesoma barua. J'ai lu les lettres.
Nimezisoma. Je les ai lues.
Barua nilizosoma. Les lettres que j'ai lues.

Katika sentensi ya kwanza barua imekuja baada ya kitenzi, na kitenzi hakikubeba alama yake yoyote. Katika ya pili na ya tatu barua imetangulia, au imewakilishwa na kiwakilishi kilichotangulia, na Kiswahili kikaingiza -zi- na -zo-. Mfaransa anafanya vilevile, ila yeye anabandika mwishoni: e ya kike, s ya wingi. Kinachotendwa kikija mbele ya kitenzi, partisipi inakifuata. Kikija nyuma, partisipi inabaki kavu. Kwa hiyo j'ai relu les notes que j'ai prises hier: relu haibadiliki kwa sababu notes ziko nyuma yake, na prises inabadilika kwa sababu notes hizohizo zimeitangulia.

Mlinganisho huu una nyufa mbili. Kwa watu na wanyama Kiswahili huweka alama hata wanapokuja nyuma, nimemwona Maria, na Kifaransa hakifanyi hivyo: j'ai vu Marie. Pili, katika swali kama quelles lettres as-tu lues? barua imetangulia Kifaransani, wakati sisi tunasema umesoma barua zipi. Amua kwa mpangilio wa sentensi ya Kifaransa, si wa kichwani mwako.

Asili ya mambo haya ni Kilatini, ambamo watu walikuwa wakisema kitu mfano wa "ninazo barua zilizoandikwa", na "zilizoandikwa" ikawa sifa ya barua, ikipatana nazo popote zilipokaa. Baadaye "ninazo" ikapoteza maana ya kumiliki na kugeuka kisaidizi. Upatanisho ukalegea. Aliyeipa nguvu kanuni ya kutazama kilichotangulia ni mshairi Clément Marot, kwa shairi fupi la mwaka 1538 lililowaelekea wanafunzi wake, akitoa mfano wa Kiitalia. Ubishi haujaisha mpaka leo. Mwaka 2018 walimu wawili wa zamani kutoka Ubelgiji, Arnaud Hoedt na Jérôme Piron, walipendekeza hadharani partisipi ya avoir isibadilishwe kabisa. Binafsi naona hoja yao ina uzito, lakini atakayesahihisha insha yako bado anaitazama ile s.

Jihadhari na kitu kimoja hapa, nacho ndicho kinachowaangusha hata wanaojua kanuni. Kinachotendwa kipimwe kwa Kifaransa. Sisi tunasema nimempigia simu, nimemjibu, nimewaambia, na -m- na -wa- zinafanana kabisa na ile ya nimemwona. Lakini téléphoner, répondre, dire na parler zinamfikia mtu kwa kupitia à. Mtu huyo si kinachotendwa, ni anayetendewa. Kwa hiyo je les ai vues, niliwaona (wanawake), ila je leur ai parlé, bila kitu. Lui na leur hazina shida kwa kuwa umbo lao linajieleza. Shida iko kwa me, te, nous na vous, ambazo zina sura moja kwa kazi zote mbili. Wewe kama mwanamke andika il m'a vue, kwa kuwa voir humchukua mtu moja kwa moja, lakini il m'a parlé, kwa kuwa ni parler à. Kinyume chake, attendre, écouter, regarder na aider hazihitaji kihusishi: il m'a attendue, il m'a aidée. Kila unapojifunza kitenzi kipya, kiandike pamoja na à yake kama anayo. Daftari lenye répondre tupu, bila à, litakuponza.

Ukishalishika hilo, vitenzi vya se vitakupa ahueni, kwa sababu ingawa vinavaa être, karibu vyote hufuata hesabu ya avoir. Elle s'est lavée: alimwosha nani? Yeye mwenyewe, na s' imetangulia, basi weka e. Elle s'est lavé les mains: aliosha nini? Mikono, nayo iko nyuma, basi acha kavu. Elles se sont vues, waliona nani? Wao kwa wao. Elles se sont parlé, walizungumza na nani? Hapo kuna à, basi hakuna s wala e. Ndivyo ilivyo pia kwa se téléphoner, se sourire, se plaire na se succéder. Elle s'est rendu compte nayo haibadiliki, maana compte ndicho kinachotendwa na kimekaa nyuma. Zile zisizoweza kuishi bila se, kama se souvenir na s'évanouir, zifuate mtenda tu: elle s'est souvenue, elles se sont évanouies.

Vipengele vidogo nivipitie haraka. Fait ikifuatwa na kitenzi kingine haibadiliki kamwe: la robe qu'elle a fait réparer. Laissé katika nafasi hiyo nayo inaruhusiwa kubaki kavu tangu marekebisho ya tahajia ya mwaka 1990. Kiwakilishi en, kwa kawaida, hakiongezi kitu: des lettres, j'en ai écrit. Na été haijui e wala s. Katika elle a été invitée, inayobadilika ni invitée peke yake.

Sasa j'ai fatigué. Kosa hili silioni kwa wanafunzi wa lugha nyingine kama ninavyoliona kwetu, na chanzo chake ni -me-. Ukisema nimechoka, unaeleza hali uliyo nayo sasa, lakini umbo linafanana na nimesoma, kwa hiyo mkono unakimbilia passé composé. Kifaransa kwa hali hutumia être na sifa, au wakati uliopo wa kawaida: je suis fatiguée, nimechoka, il est assis, ameketi, il est debout, amesimama, elle est en retard, amechelewa, il porte une chemise, amevaa shati, il dort, amelala. Ukiandika il s'est assis umesimulia tendo la kuketi, dakika ile alipokikalia kiti. Ndiyo tofauti ya je suis réveillée, niko macho, na je me suis réveillée, niliamka. Kwa hiyo kabla ya kuitafsiri -me-, jiulize kama unasimulia kilichotokea au unaeleza mtu alivyo. Kikiwa kimetokea, passé composé inatosha kwa -me- na -li- zote mbili: j'ai mangé ni nimekula na nilikula pia. Ikiwa ni hali, na hali hiyo ni ya wakati uliopita, kama ilivyo jioni ya hadithi yako, chukua imparfait: le soir, j'étais fatiguée.

Aya yako basi inasomeka hivi:

Ce matin, je me suis réveillée tôt. Je me suis lavée et je suis descendue à la cuisine. J'ai mangé. Après, j'ai marché jusqu'à l'école et je suis entrée dans la classe. J'ai relu les notes que j'ai prises hier. Le soir, j'étais fatiguée.

Isome kwa sauti na utagundua kwamba herufi nyingi ulizoongeza hazisikiki kabisa. Réveillé na réveillée ni sauti ileile. Inayosikika ni prises, kwa sababu pris inaishia na konsonanti iliyokuwa imelala, na e ikaiamsha. Faite, écrite, mise, ouverte na morte zina tabia hiyo. Katika mazungumzo, basi, shughulikia hizo chache kwanza. Nyingine ni mambo ya kalamu. Hata Wafaransa wenyewe wakizungumza kwa kasi husema la lettre que j'ai écrit, na hakuna anayewazuia njiani. Kwenye mtihani wa maandishi, ukiwa huna uhakika, hakuna sheria inayokulazimisha kutanguliza barua: andika j'ai écrit ces lettres na usonge mbele.

Ukitaka kujipima leo, iandike aya hiyo kana kwamba mlikuwa wewe na kaka yako, ukitumia nous. Utapata réveillés, lavés, descendus, entrés na, mwishoni, nous étions fatigués: e zote za kike zimeondoka na s zimeingia. Mangé, marché na relu hazitaguswa. Na prises itabaki vilevile, kwa kuwa yenyewe inazifuata notes, haijali ni nani aliyeziandika.